Kumlikiza kinda wa njiwa: kutoka mkononi mwako hadi kudonoa mwenyewe

Kinda aliyekuzwa kwa mkono akafika wiki ya 4 akiwa na manyoya mazuri na kelele nyingi anaweza kufa njaa wiki ya 5, mbele ya sahani iliyojaa mtama. Mara nyingi chanzo ni hiki: mlezi alimwona anadonoa, akaamini anakula, akaacha kumlisha. Kudonoa si kula. Kinda hudonoa nyuzi za taulo, kucha zako, doa la rangi kwenye sakafu. Punje akiiokota huigeuzageuza kwenye ncha ya mdomo kisha huidondosha. Kwa macho utaapa kwamba ameshiba, kumbe tumboni hamna kitu. Kwa hiyo kazi ya kumlikiza kinda, yaani kumwachisha kulishwa, haiamuliwi kwa macho. Inaamuliwa kwa vidole vinavyopapasa gole na kwa mizani ya jikoni.

Gole ni ule mfuko wa chakula ulio mbele ya kifua, chini ya shingo. Ujue vizuri kabla ya jambo lingine lolote, maana ndio utakaokwambia ukweli kila jioni.

Njiwa si kuku

Kifaranga wa kuku huanza kudonoa mara tu anapokauka na kusimama. Kinda wa njiwa huanguliwa baada ya siku 17 au 18 akiwa haoni, hawezi kusimama, na kwa siku za mwanzo hali kitu ila maziwa ya gole, ute mzito unaotengenezwa na baba na mama wote wawili. Baadaye wazazi huanza kuchanganya punje zilizolainika ndani ya magole yao, na kufikia siku ya 10 hivi sehemu kubwa ya chakula chake ni punje. Muhimu hapa ni namna anavyokula: huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, akasukuma na kupapatika, chakula kikapanda kutoka kwenye gole la mzazi.

Hivyo mwili wake unajua jambo moja tu, kuzamisha mdomo mahali pa joto na kubugia. Punje moja iliyolala chini haimwambii lolote. Mlezi anayemwagia kinda mtama sakafuni na kusubiri anamtaka aruke hatua mbili kwa mpigo. Njia nzuri ni kumjengea daraja: kwanza umtie punje kinywani, kisha azibugie mwenyewe ndani ya kikombe, halafu azidonoe moja moja.

Lini aanze

Usihesabu siku peke yake, kwani kinda aliyeokotwa akiwa amekonda huchelewa. Tazama mwili. Manyoya yamefunika mgongo na kifua, vijiti vya manyoya ya mbawa vimechanua, malaika ya manjano, yaani manyoya membamba ya utotoni, yamebaki machache kichwani na shingoni, na anasimama imara badala ya kukalia tumbo. Chini ya mbawa hubaki uchi kwa muda; hilo lisikuzuie. Kwa kinda aliyetunzwa vizuri hali hii hufika kati ya siku ya 21 na 25. Wengi huwa wanajitegemea kati ya siku ya 32 na 42.

Kama bado unamlisha uji kwa bomba la sindano na ameshapita wiki 2, anza sasa kumhamishia kwenye vyakula vya vipande. Tumbo lake limeshakuwa tayari kwa punje nzima. Ukiendelea na uji hadi wiki ya 5 utampata ndege mkubwa asiyejua kabisa chakula kigumu kinafananaje mdomoni.

Weka tayari mizani inayosoma gramu moja moja, kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, ungo, bakuli zito la maji lenye kina cha sentimita 3 hivi, na boksi au kizimba kilichotandikwa taulo au gunia safi. Gazeti tupu huteleza, na miguu ya kinda inayoteleza kila siku huweza kutanuka ikaharibika. Weka pia tofali ndani. Atalipanda, na kupanda huko humjenga miguu.

Njegere kwanza

Chukua njegere mbichi, zichemshe dakika 2 au 3 tu zilainike bila kupondeka, zipoze hadi ziwe vuguvugu. Usiweke chumvi. Mfunge kinda kwa kitambaa mbawa zitulie, mweke kifuani kwako akitazama mbele. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono mmoja, fungua mdomo taratibu ukishika pembeni, si kwenye ncha, kwa sababu ncha bado ni laini na hupinda. Weka njegere moja nyuma ya ulimi, achia mdomo ufunge, subiri ameze. Wengi huogopa kumpalia. Tundu la hewa liko kwenye shina la ulimi, na njegere nzima ni kubwa mno kuingia humo. Hupita juu yake. Hatari kubwa ya kupaliwa iko kwenye maji na uji unaosukumwa kwa haraka.

Kinda wa gramu 200 huchukua njegere 20 hadi 40 kwa mlo mmoja. Usifuate hesabu kama sheria. Papasa gole kila baada ya 10. Likijaa vizuri huwa kama kifuko cha maharage kilichofungwa kilegevu: unazisikia punje zikisogeana. Likikaza kama mpira umezidisha. Milo 3 kwa siku inatosha katika umri huu, na usiongeze mlo mwingine kabla gole halijapungua hadi kuwa karibu tupu.

Siku mbili tatu za njegere zina faida nyingine. Kinda huizoea ile hali ya kitu cha mviringo kinachoteremka kooni, na wengi huanza kuzinyakua wenyewe kwenye vidole vyako. Anayenyakua kidoleni yuko tayari kwa kikombe.

Kikombe cha kahawa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Jaza kikombe punje ndogo: uwele, mtama, ngano. Mahindi mazima yasubiri. Kiweke juu ya sinia, kwa sababu punje zitaruka kila upande. Mkaribishe kinda akiwa na njaa ya kiasi, shika kikombe kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili zungushia mdomo wake ukibonyeza kwa wepesi sana kwenye pembe mbili za kinywa. Hapo ndipo mzazi humgusa anapomlisha. Kinda huanza kupapatika na kusukuma; mwelekeze mdomo uzame ndani ya punje. Atafungua na kufunga kinywa humo ndani, na punje zitaingia zenyewe.

Mara ya kwanza huenda zikaingia tano tu. Maliza mlo kwa njegere za mkono, asilale njaa. Mlo unaofuata rudia. Kwa kawaida baada ya siku 2 au 3 anakikimbilia kikombe, na anaweza kujaza nusu ya gole kwa dakika chache. Kama hataki kabisa kuingiza mdomo, funika kikombe kwa kipande cha mpira laini, kama wa puto, ukate mpasuko mdogo katikati. Mpira unaobana mdomo kidogo unafanana na kinywa cha mzazi, na kinda mkaidi huutambua.

Usikae kwenye kikombe zaidi ya inavyohitajika, wiki moja kwa wingi. Lengo ni adonoe.

Ungo na kidole

Tandaza punje kwenye ungo kwa tabaka moja jembamba. Ungo haumtelezeshi miguu, na ukingo wake huzuia punje zisitawanyike. Kama ungo wako na punje vinafanana rangi, tandika kitambaa cheusi chini ya punje. Mtama mweupe juu ya cheusi unaonekana waziwazi.

Sasa kidole chako kiwe mdomo wa mama. Gonga kwa ukucha katikati ya punje, kwa mdundo wa haraka, ukiinua punje moja moja na kuiachia. Kinda hufuata kinachosogea. Fanya dakika 10, mara 4 au 5 kwa siku, hasa asubuhi. Makinda wawili hujifunza haraka kuliko mmoja kwa sababu kila mmoja humwiga mwenzake. Aliye bora kabisa ni njiwa mkubwa mpole anayekula mbele yake, lakini mweke nyuma ya wavu. Njiwa wakubwa humdonoa kinda mgeni kichwani mpaka ngozi ikatoka, na pia hujui amebeba ugonjwa gani.

Siku za kwanza atakosea shabaha, ataokota na kudondosha. Hiyo ni kawaida kwa siku 3 hadi 5. Ikiendelea, kagua punje: huenda ni kubwa mno, au ngumu na zenye utelezi. Loweka ngano na choroko saa 8 hadi 12, zisuuze, zipe zikiwa na unyevunyevu. Punje zilizolowekwa hushikika kirahisi, lakini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huchacha upesi. Zitoe baada ya saa 3 au 4, usizirudishe jioni.

Maji yasichelewe

Njiwa hanywi kama kuku anayeinua kichwa kila funda. Huzamisha mdomo akavuta maji mfululizo. Kwa hiyo kifuniko cha chupa chenye maji membamba hakimfai. Anahitaji kina cha kuzamisha mdomo. Mfundishe kabla ya kumpa punje kavu: mshike, shusha mdomo taratibu ndani ya maji vuguvugu hadi karibu na tundu za pua, bila kuzifunika, subiri sekunde chache. Akivuta mara moja tu, ameelewa. Rudia baada ya kila mlo mpaka umwone anaendea bakuli mwenyewe.

Kinda anayekula punje kavu bila kunywa hufika mahali akaacha kula kabisa, kwa sababu punje hazilainiki ndani ya gole. Walezi husema "amegoma," wakamwongezea vyakula vya kumbembeleza. Mpe maji kwanza.

Kupunguza milo bila kumtesa

Njaa kidogo inamfunza. Njaa kubwa inamlegeza, na kinda aliyelegea hajifunzi. Mpango unaofanya kazi ni huu. Weka punje na maji mbele yake alfajiri, mwanga unapoingia, naye ana gole tupu na hamu kubwa. Atakulilia, atapiga mbawa, atakufuata mkono. Vumilia, gonga kidole kwenye ungo, mpe nafasi hadi saa 3 asubuhi. Usipitishe saa 4. Baada ya hapo mlishe nusu ya mlo wa kawaida.

Mlo wa kwanza kuondolewa ni wa mchana. Uondoe siku ambayo gole lina punje alizookota mwenyewe kabla hujamlisha. Akishika uzani siku 2 au 3, ondoa wa asubuhi. Mlo wa jioni uwe wa mwisho kabisa kuondoka. Saa 12 na nusu jioni papasa gole. Liko kama limau dogo, limejaa punje? Mwache alale. Ni tupu au lina punje chache zinazohesabika? Mjazie kwa njegere, hata kama mchana kutwa alionekana anadonoa. Usiku wa saa 12 na gole tupu ni mrefu mno kwa ndege mdogo, na mahali penye baridi kama Njombe au Limuru mwezi wa 7 unaweza kumaliza kazi yote.

Pima uzito kila asubuhi kabla ya chakula, andika. Weka boksi dogo juu ya mizani, lisome likiwa tupu, kisha mweke ndani. Kinda anapoanza kupiga mbawa na kujilisha hupungua kidogo hata akiwa mzima, kwa hiyo usishtuke kwa gramu 10. Mpaka ni asilimia 10 ya uzito aliokuwa nao ulipoanza kupunguza milo: aliyekuwa gramu 320 akifika 288, rudisha milo yote 3 kwa siku 2, halafu anza upya. Mpime pia jioni. Tofauti kati ya asubuhi na jioni ya siku ambayo hukumlisha kitu ndiyo ushahidi wa alichokula. Ikiwa angalau gramu 15 kwa siku 3 mfululizo, na uzito wa asubuhi haushuki, amelikizika. Njiwa mkubwa hula gramu 30 hadi 40 kwa siku, na kinda wa wiki 5 au 6 huikaribia hesabu hiyo.

Kinyesi nacho kinasema. Kizuri ni kidonge cha kahawia au kijani kilichokolea chenye kofia nyeupe. Kikiwa kidogo, cha kijani kibichi na cha utelezi, tumbo ni tupu na kinachotoka ni nyongo. Usisubiri mizani ikuthibitishie.

Yanayokwenda vibaya

Gole lisilopungua hadi asubuhi, limejaa maji au hewa, na pumzi inanuka uchachu, ni gole lililochacha. Huletwa na chakula kilicholala, uji wa baridi, kujazwa juu ya kilichomo, au fangasi. Simamisha vyakula vigumu, mpe maji vuguvugu kidogo kidogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimgeuze kichwa chini ili atapike. Maji yataingia mapafuni.

Fungua mdomo wake kwenye mwanga kila siku 2. Ukiona utando au uvimbe wa manjano kama jibini, wenye harufu, huenda ni trikomonasi, kimelea cha kawaida sana kwa njiwa. Kinda mwenye nao hutamani kula, hudonoa, halafu humwaga punje kwa sababu kumeza kunauma. Usiukwangue, utatoka damu. Unatibika kwa dawa inayopimwa kulingana na uzito, na dozi aipange daktari.

Kukosea shabaha kwa anayejifunza hupungua siku hadi siku. Kukosea kunakoongezeka, shingo ikipinda, kichwa kikitetemeka, kinyesi kikiwa maji matupu, ni jambo jingine: yaweza kuwa ugonjwa wa njiwa wa jamii moja na mdondo wa kuku. Mtenge mara moja na njiwa na kuku wengine, na uendelee kumlisha kwa mkono wakati unatafuta daktari.

Halafu kuna madhara ya vyakula vya huruma. Mkate hujaza gole bila kumjenga. Maziwa ya ng'ombe hayameng'enywi vizuri na ndege. Ugali hunata. Maharage makavu yasiyopikwa yana sumu, parachichi pia ni sumu kwa ndege, na karanga za chumvi zisimkaribie. Usimpe kamwe mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani. Mahindi yenye ukungu yatupe. Sumukuvu huua ndege kama inavyoua watu.

Chakula cha kudumu, na banda

Changanya kwa kipimo kimoja, kikombe au kopo: mtama 3, ngano 2, uwele 1, mahindi yaliyovunjwa 1, na jamii ya mikunde 3, yaani choroko na njegere kavu. Bila hiyo mikunde protini ni ndogo mno kwa ndege ambaye bado anaota manyoya. Alizeti iwe kiganja kimoja kwa kilo. Anaipenda kwa mafuta yake, na akizoeshwa ataichagua na kuacha mengine.

Akishakula punje kavu, mpe pembeni kijiko cha chai cha changarawe ndogo pamoja na maganda ya chaza au ya yai lililochemshwa, yaliyosagwa. Changarawe hubaki kwenye firigisi kusaga punje, na maganda humpa kalisi. Asipewe akiwa na njaa, anaweza kujishibisha mawe. Mwoteshe jua la asubuhi nusu saa, ndani ya kizimba, na ukae naye: kunguru hawahitaji dakika mbili. Jioni ondoa punje zilizobaki ili zisiite panya, uache maji.

Ahamie bandani baada ya siku 7 za kujilisha kikamilifu. Wiki ya kwanza akae kwenye kizimba chake humo humo ndani, aone wengine wanapokula na kunywa. Ukimfungulia, weka vyombo viwili vya chakula, kimoja mbali na kingine, kwa sababu madume wakubwa hukilinda kimoja na mgeni hawezi kukifikia. Endelea kumpapasa gole kila jioni kwa siku 5. Ukilikuta tupu, mrudishe kizimbani usiku huohuo, umpe njegere, na umjaribu tena baada ya siku 3.